Hofu Iliyokosea Mlango

Msafiri wa Rudewa aendaye Bukoba, akikataa tikiti ya Precision Air kwa sababu ya ajali ya tarehe 6 Novemba, 2022, asichekwe: katika watu 43 waliokuwamo, 19 walikufa ziwani, uwanja ukionekana. Lakini huyo huyo hupanda basi pale Dumila asiulize breki, wala dereva alilala lini. Na reli ipitayo Kilosa, ambayo haogopi, iliua watu 281 kule Igandu mwaka 2002. Hofu yake hutazama jina la kampuni tu. Waliotangulia kuifikia ndege ile walikuwa wavuvi, na mitumbwi yao na makasia. Bukoba ni mji wa ziwani, ndege hutua kando ya maji. Je, mashua ya waokoaji waliofunzwa ilikuwa wapi asubuhi ile?