Mzigo Asioubeba Mama Peke Yake

Nyuma ya tumbo la chakula, kila mmoja wetu anayo tezi iitwayo kongosho. Ndani yake vimetawanyika visiwa vidogo vya seli, ambavyo Paul Langerhans wa Ujerumani alivieleza mwaka 1869. Humo seli za beta hutengeneza insulini, homoni inayouwezesha mwili kuitumia sukari, iwe imetoka katika chai au katika ugali wa uwele.

Mama akishika mimba, kondo la nyuma hutoa homoni zinazopunguza nguvu ya insulini, ili chakula cha kutosha kimfikie mtoto. Kongosho ya mama huitikia kwa kuongeza kazi: mimba inapokomaa, hutoa insulini takribani mara mbili ya kawaida, hata zaidi. Mtoto akishazaliwa, kazi hiyo hupungua tena. Haya yote hutendeka kimya kimya, mama akiwa shambani akipalilia alizeti.

Lakini kongosho nyingine huzidiwa. Sukari hupanda katika damu, nacho ndicho kisukari cha mimba. Mtoto aweza kukua kupita kiasi, uzazi ukawa mgumu, na mama akabaki katika hatari ya kupata kisukari cha kudumu miaka ya baadaye.

Hapa Kinampanda, kama kwingineko vijijini, ni rahisi kusema kwamba huo ni ugonjwa wa matajiri, au kwamba mama kajitakia kwa kupenda vitamu. Nasema wazi kwamba hukumu hiyo si ya haki. Mwili wake umeelemewa ukimhudumia mwingine. Hakuna dhambi hapo. Aibu tunayomvika ndiyo hatari, kwa sababu ugonjwa huu mara nyingi hauna dalili. Hugunduliwa kwa kupima damu, hasa kati ya wiki ya 24 na ya 28 ya mimba, na mwenye aibu haendi kupima.

Basi, ninyi akina baba, fuataneni na wake zenu kliniki, mkaulize habari za kipimo hicho. Wapunguzieni kazi nzito. Na mama aliyeugua, akumbushwe kupima tena baada ya kujifungua. Bikira Maria alikaa kwa Elizabeti yapata miezi mitatu. Hakumwachia mjamzito mzigo wake peke yake. Nasi tusimwachie.

Tumsifu Yesu Kristo.