Tahadhari: Usibane Matumizi Kwenye Pawa Saplai

Kama unakusanya vifaa vya kuunda kompyuta ya mezani, chukua orodha yako uangalie mstari wa mwisho. Juu kila kitu kina jina na namba: prosesa hii, kadi ya grafiki ile, SSD ya ukubwa fulani. Chini kabisa pameandikwa tu "pawa saplai 500W". Haina jina la mtengenezaji, haina modeli. Kama orodha yako iko hivyo, usilipe bado.

Ugonjwa huu ni wa zamani, ila msimu huu umepata nguvu. Tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM na SSD zimepanda vibaya, kwa kuwa viwanda vya chipu za kumbukumbu vimegeukia mahitaji ya vituo vya data vya akili mnemba, vinavyolipa zaidi. Desemba mwaka huo kampuni ya Micron ya Marekani ilitangaza kuachana na biashara ya Crucial, chapa yake ya RAM na SSD iliyotegemewa sana na watu wa bajeti ndogo. Wakati huohuo Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi kuukuu haziruhusiwi rasmi kupokea Windows 11. Kwa hiyo watu wanalazimika kubadili kompyuta wakati ambao vifaa ni ghali. RAM ikishameza fungu lake na la jirani, kinachokatwa ni kile kisichoongeza kasi ya mchezo na kisichoonekana kupitia kioo cha kesi.

Hicho ndicho kifaa pekee ndani ya boksi kinachokutana na umeme wa ukutani. Tanzania umeme huo ni volti 230, Kenya 240. Pawa saplai huupokea, huushusha na kuunyoosha hadi volti 12, 5 na 3.3, kisha huugawa kwa kila kitu kingine. Iliyotengenezwa kwa uaminifu ina ulinzi ndani yake: volti zikizidi inajizima, mzigo ukizidi inajizima, waya zikigusana inajizima. Ya bei chee mara nyingi imepunguziwa ulinzi huo, maana hapo ndipo mtengenezaji anapookoa senti zake. Siku ikifa inaweza kufa peke yake, na hiyo ni bahati. Inaweza pia kuisukumia mazabodi volti ambazo haikuundwa kuzibeba, ikaondoka na RAM uliyoinunua kwa jasho pamoja na diski yenye kazi zako zote.

Na madhara hayabaki kwa mnunuzi mmoja. Fundi akipata shehena ya bei ya kutupa huiweka kwenye kila mashine anayounda: ya mwanafunzi, ya studio ya kuhariri video, ya saiba inayowaka kutwa.

Ujanja wa kwanza uko kwenye lebo, na ndio unaostahili muda wako. Namba kubwa ya wati kwenye boksi haikuambii kitu. Ubavuni mwa pawa saplai kuna jedwali dogo. Tafuta safu iliyoandikwa +12V, usome ampea zake, uzidishe kwa 12. Prosesa na kadi ya grafiki za leo hula karibu umeme wao wote kutoka njia hiyo ya volti 12. Ukikuta boksi linajiita 500W lakini jedwali linasema ampea 18, basi jibu ni wati 216. Sasa linganisha na mahitaji yako. Prosesa ya Intel i5-12400F imeruhusiwa na mtengenezaji kufika wati 117 ikifanya kazi kwa nguvu. Kadi ya RTX 3060 inahesabiwa wati 170. Jumla yake ni wati 287, kabla hujahesabu feni, diski na mazabodi yenyewe, na kabla ya mirukio ya ghafla ambayo kadi za grafiki hufanya kwa vipande vya sekunde. Mashine hiyo itawaka vizuri dukani, fundi atakuonyesha Windows ikifunguka, utamshukuru. Balaa litaanza nyumbani, siku ya kwanza utakapofungua mchezo mzito. Na kama lebo haina jedwali hilo kabisa, irudishe mezani.

Kuna alama ya 80 PLUS, ambayo wauzaji huitaja kana kwamba ni cheti cha usalama. Sicho. Mpango huo ulianza 2004 na unapima ufanisi tu: ni sehemu gani ya umeme unaoingia inatoka kama umeme wa kutumika badala ya kupotea kama joto. Haupimi kama kifaa kitajizima kikielemewa. Na stika huchapishwa na yeyote mwenye mashine ya kuchapisha. Modeli zilizopimwa kweli zimeorodheshwa kwenye tovuti ya mpango wenyewe, nawe unaweza kuitafuta modeli yako kwa simu ukiwa umesimama hapohapo kaunta.

Jina kubwa nalo si kinga kamili. Mwaka 2021 pawa saplai mbili za Gigabyte, GP-P750GM na GP-P850GM, ziliwapasukia wapimaji zikiwa kwenye majaribio. Agosti mwaka huo kampuni ikatoa taarifa, ikarekebisha kiwango cha ulinzi na kukubali kubadilishia wateja zenye namba zilizohusika. Kwa hiyo soma tathmini ya modeli yenyewe. Sifa za chapa peke yake hazitoshi.

Wanaonunua mashine za mtumba wana hatari yao. Baadhi ya pawa saplai za zamani zina swichi ndogo nyekundu nyuma, yenye namba 115 na 230. Mashine ikitoka Marekani inaweza kuwa imewekwa 115. Ukiichomeka hivyohivyo kwenye soketi ya hapa, sakiti iliyotengenezwa kuongeza volti maradufu inafanya kazi yake kwenye umeme ambao tayari ni mara mbili, na kapasita zinapasuka kwa kishindo na moshi. Iangalie swichi hiyo kabla ya kuchomeka, na ukiwa na watoto ndani ya nyumba, ibandike utepe wa gundi.

Kisha kuna adapta. Wengi hununua kompyuta za ofisi zilizotumika, kama Dell OptiPlex, kwa nia ya kuzitia kadi ya grafiki. Wazo si baya. OptiPlex 7010 ya umbo dogo, kwa mfano, imekuja na pawa saplai ya wati 240, isiyo na waya wa kadi ya grafiki. Hapo muuzaji hutoa kiwaya cha bei ya soda kinachobadili waya wa SATA kuwa wa pini sita. Mdharau mwiba mguu huota tende. Kichwa cha SATA kimeundwa kubeba takriban wati 54 kwenye volti 12. Cha pini sita kinaruhusu kadi ivute 75. Plastiki inaanza kulainika, halafu inaungua. Adapta za molex kwenda SATA zilizomiminiwa plastiki kama kipande kimoja nazo zina sifa mbaya ya kushika moto, kwa sababu nyaya za ndani hazishikiliwi vizuri na zinaweza kugusana. Kwa mashine kama hiyo chagua kadi isiyohitaji waya wa ziada, inayotosheka na umeme wa nafasi yake kwenye mazabodi. Ukikosa, kaa bila kadi.

Jambo moja zaidi, kwa wenye pawa saplai za nyaya za kuchomoa: usiazime waya kutoka chapa nyingine, hata kama unaingia bila shida. Mpangilio wa pini upande wa pawa saplai hautegemei kanuni moja ya viwanda vyote, na waya mmoja wa kuazima unatosha kuua diski zote kwa mara moja.

Na plagi? Ile tabia ya kufungua tundu la juu la soketi kwa kalamu ili kuingiza plagi ya miguu miwili, hapa iacheni. Bila waya wa ardhi, vichujio vya ndani ya pawa saplai huacha bati la kesi likielea kwenye takriban nusu ya volti za ukutani. Ndiyo maana kesi inakutekenya ukiigusa bila viatu. Mafundi husema ni kawaida. Ni kawaida ya nyumba isiyo na ardhi.

Kwa hiyo pesa ikatwe wapi? Kata kesi ya kioo na taa zake. Kata kadi ya grafiki kwa sasa: prosesa kama Ryzen 5 5600G ina grafiki yake ndani, utafanya kazi za shule na ofisi na michezo myepesi hadi utakapojaliwa. Nunua prosesa iliyotumika, ni kifaa kisichoharibika kirahisi. RAM za DDR4 zilizotumika pia zinafaa, mradi uzipime kwa MemTest86 kabla ya kuachana na muuzaji. Pawa saplai iliyotumika, usiyojua imeunguruma miaka mingapi, iache. Tafuta mpya ya wati 450 hadi 550, yenye jedwali linaloeleweka na dhamana ya miaka mitatu au mitano.

Kama tayari umenunua ile isiyo na jina, usiifungue kuichunguza. Kapasita hubaki na umeme wa hatari hata plagi ikiwa imechomolewa. Hamishia kazi zako kwenye diski ya nje leo. Usiiache mashine ikipakua usiku nyumba nzima ikiwa imelala. Umeme ukikatika, zima swichi ya ukutani usubiri utulie baada ya kurudi. Ukisikia harufu ya kuungua, au mashine ikijizima yenyewe ukifungua kitu kizito, chomoa na usiiwashe tena hadi ubadilishe.

Nanyi mafundi mnaounda mashine kwa oda, andikeni modeli kamili ya pawa saplai kwenye risiti, kama mnavyoandika ya prosesa. Mteja, idai. Akisema "zote ni sawa tu", chukua pesa yako uende duka la pili.