Tunacheza wimbo, tunamfukuza mwimbaji

Kila mara tukikutana kuongea juu ya mila zetu, kuna neno moja linarudia: « Ile ni mambo ya bazungu, haiko ya kwetu. » Linasemwa juu ya mavazi ya vijana, juu ya chakula, juu ya lugha. Lakini linasemwa kwa nguvu zaidi juu ya mwanaume anayependa mwanaume, ao mwanamke anayependa mwanamke. Neno hilo likishatoka, mazungumuzo yameisha. Mimi nataka kuyafungua tena, na nitapitia muziki, kwa maana ni hapo tunajidanganya wazi kabisa.

Tuchukue mfano wa Brenda Fassie. Hapa Lubumbashi nani hamjui? Barabara yetu inashuka Kasumbalesa, inavuka Zambia, inafika Johannesburg, na kaseti za kule zilitufikia pamoja na unga na sabuni. Wimbo wake Vulindlela uko kwenye albamu Memeza, ile iliyouzwa kuliko zote Afrika Kusini mwaka 1998. Ni wimbo wa mama anayefurahi kwa sababu mtoto wake anaoa. Nimeusikia mara nyingi kwenye harusi zetu. Mama wakwe wanasimama, wachungaji wanapiga makofi. Siku hiyo hakuna anayesema ni mambo ya bazungu.

Basi, huyo mwimbaji alikuwa nani? Alizaliwa mwaka 1964 Langa, mtaa wa watu weusi wa Cape Town, mama yake akiwa mpiga piano. Akiwa bado mtoto mdogo aliimba mbele ya watalii ili wapate feza kidogo. Akiwa na miaka 16 alipelekwa Soweto, na mwaka 1983 Weekend Special ikamfanya ajulikane kila mahali. Aliimba Black President kwa kumsifu Mandela. Aliolewa na mwanaume mwaka 1989, ndoa ikavunjika. Kisha alipenda wanawake, na hakuficha. Alisema wazi mbele ya waandishi wa habari, wakati wengi walikuwa wananyamaza kwa woga. Mwaka 1995 mwanamke aliyempenda alikufa kwa madawa ya kulevya katika hoteli moja ya Hillbrow, na Brenda alikutwa hapo pembeni yake. Alienda kujitibu, akarudi kuimba. Mwaka 1996 alitoa albamu Now Is the Time, na ndani yake anaimba pamoja na Papa Wemba wetu, mzaliwa wa Lubefu katika Sankuru. Wemba hakuona haya kuimba na yeye.

Simfanyi mtakatifu. Madawa yalimla, na alikufa tarehe 9 Mei 2004, akiwa na miaka 39 tu. Lakini tujaribu kuona mambo kwa macho yake. Serikali ya ubaguzi ilimdharau juu ya ngozi yake. Ubaguzi ulipoanguka, ndugu zake weusi, ambao aliwaimbia uhuru, wakamdharau juu ya mapenzi yake. Wote walitaka sauti. Mtu mwenyewe, na mwili wake na moyo wake, wachache walimtaka. Yeye alikataa kujikata vipande. Alikuwa mweusi, alikuwa mtoto wa township, aliimba katika lugha za kwao, alipenda wanawake, na yote hayo alipanda nayo jukwaani kwa pamoja.

Sasa nijibu wale wanaonipinga, moja kwa moja.

Kwanza, wanasema si mila yetu. Nawauliza: gitaa ni mila ya nani? Lilitoka Ulaya. Lakini mwaka 1952, pale Jadotville, yaani Likasi ya leo, Hugh Tracey alirekodi gitaa la Mwenda wa Bayeke, na leo nani atathubutu kusema Mwenda si urithi wa Katanga? Mila inapokea na inageuza, ni kazi yake tangu zamani. Tena, kama tunatafuta kitu cha Wazungu, tukitafute vizuri. Sheria iliyoadhibu wanaume wanaopendana kule Afrika Kusini ilifika pamoja na sheria za Waholanzi, na ni mahakama ya katiba ya nchi huru iliyoiondoa mwaka 1998. Na muziki wa house, ambao vijana wetu wanaucheza usiku mzima, ulizaliwa Chicago katika klabu iliyoitwa Warehouse, iliyofunguliwa mwaka 1977. Waliojaa mule walikuwa zaidi watu weusi na Walatino, wengi wao wanaume wanaopenda wanaume. Mpiga sahani wao, Frankie Knuckles, alikuwa mweusi na alikuwa mmoja wao. Vijana wa Afrika Kusini waliupunguza mwendo muziki huo, ukazaa kwaito, na kwaito inasikika ndani ya Memeza. Ni kusema, wale tunaowaita « ba kizungu » ni wajukuu wa Afrika waliotengeneza ngoma tunayoicheza.

Pili, wanasema Katiba inakataza. Tusome Katiba basi, si tuliiletea kura? Ile ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 40, inasema mtu ana haki ya kuoa ao kuolewa na mtu wa jinsia nyingine. Sawa, mimi siongelei ndoa hapa. Lakini kifungu cha 11 kinasema watu wote wanazaliwa huru na sawa katika heshima na haki, na cha 16 kinasema mtu ni mtakatifu. Hakikuandikwa « isipokuwa fulani ». Mtu anayesoma kifungu cha 40 na kuruka cha 11, mimi mwalimu nampa sifuri.

Tatu, wanasema watu hawa wataharibu watoto. Hapa ndipo hasira yangu inapanda. Mtu mzima anayemgusa mtoto ni mhalifu, awe anamgusa kijana ao binti. Lakini wangapi kati yetu walimu wanajua mwenzao anayeuza pointi kwa wasichana, na wananyamaza? Binti akipata mimba, yeye ndiye anafukuzwa masomoni, mwalimu anabaki na chaki mkononi. Hiyo hatuiti mambo ya bazungu. Kumbe uharibifu wa watoto hautusumbui. Kinachotusumbua ni tofauti.

Na hiyo tofauti tunaiadhibu kwa watoto wale wale tunaosema tunawalinda. Kijana mwenye sauti nyembamba, mwendo laini, anayependa kucheza na wasichana: hajafanya kitu, hata hajajijua bado, na tayari ana jina la matusi shuleni. Nimeona wa namna hiyo wakiacha masomo darasa la nne ao la tano. Nimeona mmoja akiondolewa kwenye kwaya, na ndiye alikuwa anashika sauti ya tenori. Jumapili iliyofuata kwaya iliimba vibaya, na hakuna aliyeuliza juu ya nini. Leo sijui anaimba wapi.

Nalomba mambo matatu madogo. Mwalimu asimamishe tusi darasani, hata kama darasa lote linacheka, na zaidi sana kama yeye mwenyewe anataka kucheka. Kiongozi wa kwaya apime sauti na tabia njema, asipime mwendo. Mzazi asimfukuze mtoto wake mu nyumba kwa sababu ya maneno ya majirani; kulea ni mila yetu kweli, na mtoto aliyefukuzwa ataokotwa na barabara.

Na anayeona haya yote ni mengi mno, basi awe mkweli hadi mwisho. Siku ya harusi ya mtoto wake, Vulindlela ikianza, akae chini.