Viza ya kazi si ukaazi: Jua tofauti kabla ya kuuza shamba

Maswali mengi ninayoulizwa kliniki siku hizi hayahusu dawa. Mama analeta mtoto mwenye homa, halafu akikaribia kutoka anauliza kama picha ya kifua aliyopigwa mwaka jana itakubaliwa kwa viza ya Uingereza. Mzee wa kisukari anataka kujua kama bintiye muuguzi ataweza kumchukua wakaishi pamoja huko.

Nyuma ya maswali haya naona mambo matatu yanayochanganywa: viza, udhamini wa mwajiri, na ukaazi wa kudumu. Viza hukuruhusu kuingia na kufanya kazi kwa muda. Udhamini ndio unaoibeba viza hiyo, nao uko mikononi mwa mwajiri. Ukaazi wa kudumu huombwa miaka mingi baadaye, tena haujaahidiwa mtu. Anayepanga maisha ya watoto na matibabu ya wazazi kana kwamba mambo haya ni kitu kimoja huumia.

Uingereza ilianzisha viza ya wahudumu wa afya Agosti 2020. Februari 2022 iliwafungulia mlango wahudumu wa kutunza wazee na wagonjwa, kazi isiyohitaji shahada, na vijana wengi wa kwetu wakaikimbilia. Kisha mlango ukaanza kurudishwa. Tangu Machi 11, 2024, wahudumu hao hawaruhusiwi kwenda na mume, mke wala watoto. Na tangu Julai 22, 2025, maombi mapya ya kazi hiyo kutoka nje ya nchi yamefungwa. Kwa hivyo anayekuambia leo kwamba ana nafasi ya kutunza wazee Uingereza kwa mtu aliye Kisumu au Mombasa anakuuzia mlango uliofungwa.

Wauguzi na madaktari bado wanaweza kuomba. Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano kuhusu wahudumu wa afya Julai 2021. Kabla ya kufanya kazi kama muuguzi kamili, lazima mtu asajiliwe na baraza la wauguzi na wakunga la huko, kwa mitihani ya kazi na ya Kiingereza.

Sasa tuje kwenye udhamini. Mwajiri lazima awe na leseni ya serikali ya Uingereza ya kuajiri wageni. Akikukubali, hukutolea cheti cha udhamini chenye nambari, na viza yako inafungwa kwake na kwa kazi hiyo. Ukitaka kuhamia kwa mwajiri mwingine, ni lazima naye awe na leseni, akupe cheti kipya, nawe uombe upya. Mwajiri wako akinyang'anywa leseni, unaathirika hata kama hukukosea lolote: kwa kawaida hupewa siku 60 za kupata mdhamini mwingine au kuondoka.

Jambo hili limewakuta wengi. Kati ya Julai 2022 na Desemba 2024, serikali ya Uingereza ilifuta zaidi ya leseni 470 za waajiri katika sekta ya utunzaji. Wafanyakazi zaidi ya 39,000 walikuwa wamehusishwa na waajiri hao. Wengine walifika wakakuta hakuna kazi waliyoahidiwa.

Kuhusu pesa, shika hili: gharama ya leseni na ya cheti cha udhamini ni ya mwajiri. Tangu mwisho wa 2024, sheria za huko zinamkataza kumtoza mfanyakazi gharama hizo. Ada ya viza na kipimo cha kifua kikuu unaweza kulipa mwenyewe, lakini cheti hakiuzwi. Ajenti akikutajia bei ya cheti, rudisha hati ya shamba kabatini.

Na ukaazi wa kudumu? Utaratibu uliozoeleka ni miaka 5 ya kuishi na kufanya kazi kihalali, mtihani kuhusu maisha ya Uingereza, na kutokaa nje ya nchi zaidi ya siku 180 katika miezi 12 yoyote. Lakini Mei 2025 serikali ilitangaza nia ya kuifanya miaka hiyo kuwa 10 kwa wengi. Novemba mwaka huo ikapendekeza miaka 15 kwa walio kwenye kazi zisizohitaji shahada, na 5 kwa madaktari na wauguzi wa hospitali za umma. Kanuni zikibadilika ukiwa njiani, huenda zikakugusa. Soma tovuti ya serikali ya Uingereza siku unayoomba, usitegemee aliyoenda nayo jirani.

Kwa mzee aliyeniuliza, jibu ni hili: viza ya muuguzi inaruhusu mume au mke na watoto walio chini ya miaka 18. Wazazi hawamo. Dawa zako za kisukari na presha utaendelea kuzihitaji hapa nyumbani, basi mkubaliane mapema nani atazilipia na nani atakusindikiza kliniki.

Mtoto anayebaki naye ana haki ya mpango. Bima ya SHA ya mzazi aliyeajiriwa hulipwa kwa kukatwa mshahara. Ukiacha kazi, makato hayo yanakoma, na anayebaki na mtoto anaweza kulijua hilo usiku wa manane akiwa mapokezi ya hospitali. Panga malipo hayo kabla ya kuondoka. Mwachie nyanya kijitabu cha kliniki cha mtoto, orodha ya dawa zinazomdhuru, na barua inayomruhusu kuidhinisha matibabu. Binti akifika miaka 10, asikose chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi eti kwa sababu mama yuko mbali.

Nimalizie na kipimo, kwa sababu hapo ndipo hofu hufanya watu wajidhuru. Mkenya au Mtanzania anayekwenda Uingereza kwa zaidi ya miezi 6 lazima apimwe kifua kikuu katika kliniki iliyoidhinishwa na nchi hiyo. Picha iliyopigwa hospitali nyingine haitoshi, na cheti hudumu miezi 6 tu. Watoto chini ya miaka 11 kwa kawaida hawapigwi eksrei, huulizwa maswali ya afya. Mjamzito aseme mapema ili aelezwe njia mbadala, ikiwemo kupimwa makohozi.

Eksrei ikionyesha doa, utaombwa makohozi, na majibu ya kuotesha vijidudu yanaweza kuchukua hadi wiki 8. Ukipatikana na ugonjwa, matibabu ya kawaida ni miezi 6, dawa ni za bure katika hospitali za umma, na ukipona unaweza kuomba tena. Hiyo ni kuchelewa, si kufungiwa. Anayemeza vidonge vya kuzima kikohozi ili apite kipimo anaambukiza watoto anaolala nao chumba kimoja.

Virusi vya Ukimwi havimo katika kipimo cha viza ya Uingereza. Usiache dawa za ARV wala usizifiche. Beba za kutosha miezi ya mwanzo pamoja na barua ya daktari. Mwenye viza ya wahudumu wa afya halipi ile ada ya afya wanayotozwa wahamiaji wengine, na ana haki ya kutibiwa katika hospitali za umma za huko. Daktari wa huko haruhusiwi kumpelekea mwajiri siri zako za ugonjwa bila idhini yako. Nasema hivi kwa sababu mtu ambaye viza yake iko mikononi mwa bosi huogopa hata kusema mgongo unamuuma.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, uliza maswali manne. Jina la mwajiri liko kwenye orodha ya serikali ya wenye leseni? Kazi hii bado inaruhusiwa leo? Watoto wangu wanaruhusiwa? Na mwajiri akifunga biashara mwezi wa tatu, nauli ya kurudi ninayo? Ukikosa jibu la hata moja, subiri.