Bandari Imepata Kina, Mfuko Bado

Mwaka 1893 miche ya mkonge ilifika pwani ya Pangani baada ya kuvuka bahari mara mbili. Mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, alikuwa ameagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Ilipitia Hamburg, ndipo ikaletwa Afrika Mashariki. Iliyofika ikiwa hai ni 62 tu. Ikapandwa Kikokwe, na kutokana na hiyo mashamba ya mkonge yakaenea Muheza, Korogwe na kwingineko.

Watu wa Tanga tumezoea kuisimulia habari hii kama asili ya zao letu. Mwagizaji wa mizigo ataona jambo jingine ndani yake. Miche 938 ilifia njiani, na mradi haukufa, kwa sababu nyuma ya Hindorf ilisimama Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, yenye uwezo wa kupoteza na kungoja. Biashara ya ng'ambo imekuwa hivyo tangu zamani: hasara za njiani humwangusha asiye na nguvu ya kungoja, hata kama ni hodari wa kuuza. Swali linalotukabili leo katika mwambao huu, kuanzia Moa hadi Mkwaja, ni nani abebe hasara pale mzigo unapochelewa.

Kwa miaka mingi jibu letu lilikuwa moja: ubovu wa bandari. Na lilikuwa jibu la kweli. Meli kubwa hazikuweza kufika gatini Tanga kwa kuwa maji yalikuwa na kina cha mita 3. Zilitia nanga mbali, umbali wa zaidi ya kilomita moja na nusu, mzigo ukashushwa kwenye matishari, matishari yakavutwa hadi gatini, kisha mzigo ukanyanyuliwa tena. Kila kasha lilishikwa mara mbili, na kila mshiko ulikuwa na gharama yake na hatari yake ya kuvunja. Serikali ikatumia shilingi bilioni 429.1 kuchimba kina hadi mita 13 na kujenga gati lenye urefu wa mita 450. Sasa meli zinafunga gatini. Fedha hiyo ilitumika mahali pake, na asiyeona tofauti hajawahi kusubiri tishari.

Hata hivyo, kungoja hakujaisha. Kumehamia kwingine.

Siku za mwisho za Ramadhani moja nilikaa kwenye duka la nguo za watoto pale Ngamiani. Kinamama waliingia mmoja baada ya mwingine. "Dada, gauni la miaka sita lipo?" Mwenye duka akajibu kila mmoja kwa upole uleule: "Mzigo uko njiani, mama." Kwenye simu yake alikuwa na picha za magauni hayo, yamekunjwa kwenye mifuko ya nailoni, na alizionyesha kwa aliyetaka kuona. Mzigo ulifika Idi imeshapita. Hakuna gauni lililochanika wala kupotea. Ila gauni la Idi baada ya Idi ni mtaji uliolala kabatini.

Tufanye hesabu, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Mwagizaji mdogo kwa kawaida hulipa sehemu ya fedha anapotoa oda, mara nyingi asilimia 30, na kumaliza iliyobaki kabla mzigo haujapakiwa. Chukua mtaji wa shilingi milioni 10, na mzunguko wa miezi minne tangu kulipa hadi kumaliza kuuza. Hiyo ni mizunguko mitatu kwa mwaka. Kila mzunguko ukiacha faida ya milioni 1.5, mwaka unaleta milioni 4.5. Ongeza mwezi mmoja tu wa kuchelewa katika kila mzunguko: mitatu inakuwa 2.4, na faida inashuka hadi milioni 3.6. Laki tisa zimeondoka bila mwizi wala moto, huku kodi ya fremu na ada za shule zikibaki palepale.

Sababu za kuchelewa huko mara nyingi zinatoka mbali na gati letu. Machi 23, 2021 meli ya Ever Given ilikwama Mfereji wa Suez kwa siku sita, na ratiba za meli zikavurugika dunia nzima. Kuanzia Novemba 2023 mashambulizi katika Bahari ya Shamu yalizifanya kampuni nyingi za meli kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ya Asia na Ulaya ikaongezeka takriban siku 10 hadi 14. Mzigo wa China kuja kwetu haupiti Suez, lakini meli na makontena yaliyokuwa yakizunguka huko yalipungua kwingine, na nauli ikapanda hata kwa asiyehusika. Wakati uleule nchini kulikuwa na uhaba wa dola, ambapo hata mwenye shilingi zake alihangaika kumlipa mtengenezaji kwa wakati.

Vilevile kuna kalenda. Wazee wetu wa majahazi walihesabu pepo mbili, kaskazi na kusi, na aliyekosa kaskazi alijua atangoja hadi msimu urudi. Sisi tumeongezewa msimu wa tatu: Mwaka Mpya wa Kichina, ambapo viwanda hufungwa kwa majuma kadhaa. Mwaka 2026 umeangukia Februari 17, na Ramadhani ikaanza siku moja au mbili baadaye, maana yote mawili hufuata mwandamo wa mwezi. Mwaka 2027 itakaribiana tena. Anayetaka nguo za Idi katika miaka hii anapaswa kuhakikisha zimetoka kiwandani kabla ya mapumziko hayo. Hiki ni kikwazo kinachojulikana mapema, na kukwepa kinachojulikana ndiyo hatua ya kwanza.

Wengine watasema dawa ni bima. Bima ni ya lazima, lakini tujue inachofanya. Bima ya kawaida ya mzigo baharini hulipa mzigo ulioharibika au kupotea. Hasara iliyotokana na kuchelewa peke yake, masharti yake huiweka nje. Yule dada wa Ngamiani asingelipwa hata senti.

Wengine watasema tununue vya nyumbani. Nakubaliana nao kwa moyo wote pale inapowezekana, na Kikokwe ni ushahidi: miche 62 ilipozaliana, haja ya kuagiza Florida ikaisha. Fundi cherehani wa Korogwe anaweza kushona sehemu ya magauni yale. Lakini kitambaa chenyewe, spea za bodaboda, pampu za maji na betri za sola vitaendelea kuja na meli kwa muda mrefu. Kumwambia mwenye duka aache kuagiza ni kumwambia afunge duka.

Msimamo wangu ni kwamba kuchelewa kugawanywe. Wazo hilo halitoki kwenye vitabu vya siasa. Ni sheria ya kale ya bahari. Chombo kikiwa hatarini, gharama ya kukiokoa hugawanywa kwa mwenye chombo na wote wenye mzigo ndani yake. Hata baada ya Ever Given kunasuliwa, wenye mali kwenye maelfu ya makontena yake walitakiwa kuchangia. Hapa kwetu mafuta ya petroli huagizwa kwa pamoja, na Tanga ni mojawapo ya bandari zinazoyapokea. Meli ikichelewa kushusha, gharama hiyo inatambuliwa katika kanuni ya bei kikomo ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji. Kampuni ya mafuta haiibebi peke yake. Sote tunaichangia kwenye kila lita. Mwenye duka la nguo hana kanuni ya namna hiyo. Akipandisha bei, mteja anahamia duka la jirani.

Basi wenye maduka kumi wa biashara moja wanaweza kuagiza pamoja: oda mbili kwa viwanda viwili, kwa nyakati mbili tofauti, ili meli moja ikikwama kila mmoja awe amekwama nusu tu. Kontena zima hupunguza pia gharama ya ujazo na kumwepusha mtu na foleni ya kukusanyiwa mzigo. Najua pingamizi, na ni zito: fedha za pamoja zimevunja udugu wa wengi. Ndiyo maana nasema iwe ushirika uliosajiliwa, wenye akaunti ya sahihi tatu, na malipo ya mwisho yasitoke kabla ya mkaguzi kuufungua mzigo kiwandani.

Kwa upande wa serikali naomba mambo mawili. La kwanza, ghala la forodha la pamoja hapa Tanga kwa wafanyabiashara wadogo. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inaruhusu mzigo kukaa kwenye ghala la namna hiyo na ushuru kulipwa kadiri unavyotolewa. Wakubwa wanalitumia, mdogo mmoja mmoja hawezi, kumi wanaweza, na hapo ndipo akiba ya mzigo itapatikana bila kuua mtaji. La pili, siku ambazo mzigo umekwama kwa mfumo kuzimika au kwa ukaguzi uliochelewa zisihesabiwe katika tozo ya kuhifadhi. Anayechelewesha ndiye abebe.

Tumechimba mita kumi za mchanga ili meli isingoje nje. Kazi iliyobaki ni ndogo kwa gharama: daftari, akaunti moja, na ghala moja. Kampuni ya Hindorf iliweza kupoteza 938. Mwenye duka la Ngamiani hawezi kupoteza hata Idi moja, mpaka awe na wenzake tisa.