Kuku Anayezubaa Asichinjwe

Naandika nikiwa Guangzhou kwa mwanangu, anayesafirisha mizigo kwenda Muscat na Zanzibar. Mji huu ndio makao makuu ya mkoa wa Guangdong, ambako mwaka 1996 kirusi cha mafua ya ndege, H5N1, kilitambuliwa kwa bata bukini. Mwaka uliofuata, hapo jirani Hong Kong, watu 18 waliugua na 6 wakafa. Kuku zaidi ya milioni moja wakauliwa. Na mwaka 2014, aina nyingine, H7N9, ilipowaandama watu, Guangzhou ilifunga masoko ya kuku hai kwa wiki mbili. Na watu wa huku, bwana, karamu bila kuku si karamu!

Msiseme China ni mbali. Januari 2017 ugonjwa huu ulionekana Uganda kwa ndege wa porini wa Ziwa Victoria, kisha kwa kuku na bata wa kufugwa.

Sasa tuseme ya kwetu. Mama yuko Pemba, Tanga au Mombasa, na kuku wake uani. Mmoja akianza kuzubaa, tunasemaje? "Mchinje upesi asije akafa kibudu!" Hapo ndipo penye hatari. Nyama ikiiva sawasawa kirusi hufa. Anayeambukizwa ni anayemshika, kumchinja, kumnyonyoa na kumtoa matumbo. Wala msiseme "kideri tu hicho." Dalili zinafanana, kwa macho huwezi kupambanua, mpaka wapimwe.

Basi kuku na bata wasilale pamoja. Chakula na maji visiachwe wazi kwa ndege wa porini. Kuku mpya kutoka sokoni atengwe wiki mbili. Viatu vya bandani vibaki bandani. Wakifa kadhaa kwa ghafla, wasiguswe kwa mikono mitupu, wasigawiwe majirani, aitwe afisa mifugo.

Lakini mama atamwita? Anachelea kuku wote kuuliwa na yeye asipate hata senti. Hapo ndipo tunapoingia sisi wa Ghuba. Hela za kila mwezi tunatuma. Tuongeze na ahadi. Mpigieni simu leo mumwambie: "Mama, kuku wakifa tutakununulia wengine, mgonjwa usimchinje." Akiwa na uhakika huo, atamwita afisa mifugo kabla hajanoa kisu.