Mshika Mbili na Wasomi wa Kutwa

Katika sendofu moja hapa Mbinga mjini, baada ya wali kuliwa na kabla zawadi hazijaanza kutangazwa kwa majina na viwango, alisimama mstaafu mmoja mwenye mvi za kuheshimika, akapewa kipaza sauti, na badala ya kumuusia bibi harusi akaanza kuwausia wasomi. Alisema kwamba shahada ya uzamili inayosomwa na mtu aliyemo kazini si shahada bali ni cheti cha kujifariji, kwamba elimu ya kweli humtaka mja aache vyote aende akakae darasani, na kwamba wahenga walikwisha kulihukumu jambo hilo waliponena kuwa mshika mbili moja humponyoka. Hadhira ikapiga makofi. Nami nilinyamaza kwa adabu ya shughuli ya watu, lakini adabu hiyo haikuvuka mlango.

Dhana hii imeenea kutoka Songea hadi Mbamba Bay, na anayechomwa nayo siku hizi ni daktari, muuguzi au bwana afya anayesoma uzamili wa afya ya jamii pasipo kukiacha kituo chake. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ambacho sidhani yupo awezaye kukiita chuo cha vichochoroni, kina mkondo wa shahada hiyo uliowekwa makusudi kwa ajili ya walio kazini, kando ya ule wa kutwa. Ila neno la Muhimbili, yaelekea, ni jepesi mbele ya neno la mwenye kipaza sauti.

Haya, na tumtii. Daktari wa mwambao wa Nyasa, awe wa Lituhi, wa Liuli au wa Mbamba Bay, na afunge virago aende Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, akafundishwe kipindupindu. Kipindupindu chenyewe kiko wapi? Amekiacha nyuma yake, ufukweni, kwa watu wanaochota maji ya kunywa pale pale wanapooga na kuoshea vyombo, na katika madago ya wavuvi wa usipa ambako shimo la choo likichimbwa mchangani asubuhi, jioni limekwisha kujifukia. Kichocho atakisoma katika picha ya ukutani, ilhali watoto aliowaacha wanakojoa damu. Afya ya jamii haina maabara iliyo kubwa kuliko jamii yenyewe, na kumwondoa mtu humo ili akaisome ni sawa na kumpeleka mvuvi Dodoma akafundishwe ziwa.

Mpwa wangu ni daktari katika kituo kimoja cha mwambao nisichokitaja, naye anasoma hivyo hivyo kwa kushika mbili. Nilimkuta usiku, taa ya sola inafifia, daftari la MTUHA limefunguliwa huku na kompyuta mpakato huku, akipiga vistari kwa penseli, vitano vitano, kuhesabu wagonjwa wa kichocho wa kila kitongoji kwa ajili ya zoezi la takwimu. Madaftari yale, aliniambia, hujazwa kila siku na kujumlishwa kila mwezi ili taarifa iende wilayani, wala hakuna aliyepata kuyauliza swali. Vistari vya kitongoji kimoja vikavuka ukingo wa karatasi. “Mjomba, hebu tazama,” akasema, “hawa karibu wote wanaoga pale kijito kinapoingia ziwani.” Asubuhi yake alikuwa mtoni na bwana afya, wamekunja suruali, wakitafuta konokono.

Wako wanaosema kwamba daktari wa namna hii atamchoma mgonjwa sindano huku akiwaza mtihani. Kwa hoja hiyo basi na tumkataze kuoa, kuzaa na kupanda kahawa! Nimewaona watumishi wengi mno wanaowaza bei ya kahawa saa za kazi, wala sijasikia methali ikitungwa juu yao.

Mshika mbili! Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali. Mwalimu Nyerere alitoa *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969, naye ni Rais wa Jamhuri, lipi lilimponyoka? John Snow wa London alimpa Malkia Victoria klorofomu wakati wa kujifungua mwaka 1853, na mwaka uliofuata akawa anapita Soho nyumba kwa nyumba akiwahesabu waliokufa kwa kipindupindu, hata nyayo zake zikamfikisha kwenye pampu ya Broad Street. Karibu na kwetu, Denis Burkitt, mpasuaji wa serikali pale Mulago, Uganda, aliyekwisha kuueleza uvimbe wa taya za watoto mwaka 1958, alisafiri mwaka 1961 na wenzake wawili katika gari kuukuu takriban maili 10,000, akiuliza hospitali kwa hospitali ugonjwa ule unaishia wapi; kisha akarudi kwenye kisu chake. Na mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni mbili wa nchi hii walikaa vikundi vikundi, redio katikati, wakasoma habari za malaria, safura na kichocho, wakainuka wakachimba vyoo. Katika hao wote, ni nani aliyeambiwa aache jembe kwanza?

Wanaonufaika na methali ile, kwa hakika, ni wakubwa wa ofisi wasiopenda kutia saini ruhusa. Mpwa wangu aliomba siku chache za mitihani, akaambiwa barua ipitie ngazi zake. Barua ikapanda ngazi hata mitihani ikafika, naye akaenda kuifanya kwa likizo yake ya mwaka na nauli ya mfukoni mwake. Juma lile lile wenzake sita walitolewa vituoni, kwa gari na kwa posho, kwenda semina ya siku tano hotelini. Semina hiyo, kama bango lake lilivyoandikwa, ilikuwa ya kuwajengea uwezo watumishi walio kazini.